Jinsi ya Kuelezea Spishi Mpya ya Mjusi na Kuipa Jina

Kila mvua zikianza, simu yangu hujaa picha za mijusi. Mwanafunzi yuko Uluguru, askari wa msitu yuko Udzungwa, mwingine kamkuta kinyonga kwenye mkarafuu wa babu yake. Swali ni lilelile: "Mwalimu, huyu ni mpya? Nimpe jina gani?" Nimejibu mmoja mmoja hadi vidole vimechoka, kwa hiyo leo naandika mara moja, na kuanzia sasa nitakuwa nawatumia hii.

Jibu la kwanza halipendezi: mara nyingi si mpya. Kinyonga dume anaweza kuwa na pembe wakati jike hana, mtoto hafanani na mzazi, na mjusi mmoja akilala ana rangi moja, akikasirika ana nyingine. Lakini wapo wapya kweli. Mwaka 2022 zilielezwa rasmi spishi sita za vinyonga wadogo wa jenasi (yaani kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Rhampholeon kutoka milima ya Tanzania, wale wa saizi ya jani kavu ambao unaweza kuwakanyaga usijue. Watu walikuwa wameshawaona wanyama hao, ila waliwaita kwa majina ya spishi nyingine.

Nitatumia mifano ya Tao la Mashariki, yaani ile milima inayoanzia Taita upande wa Kenya hadi Udzungwa, kwa kuwa ndiko maswali mengi yanakotoka. Utaratibu ni uleule hata kama mjusi wako ni wa milima ya Itombwe kule Kongo au wa Pwani.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaingia msituni

Vibali kwanza. Kwa Tanzania Bara anzia COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia) na TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori), halafu mwenye eneo lake: TFS kwa misitu ya hifadhi, TANAPA kwa hifadhi za taifa, serikali ya kijiji kwa msitu wa kijiji. Kwa Kenya kuna NACOSTI (tume ya sayansi), KWS (shirika la wanyamapori), WRTI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na NEMA (mamlaka ya mazingira). Ukitaka kupeleka sampuli au hata kipande cha nyama nje ya nchi, hicho ni kibali kingine. Vinyonga wote wa kwetu wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo mguu mmoja ndani ya chupa unaweza kukushikisha uwanja wa ndege. Nambari za vibali zitaandikwa kwenye makala yako ya mwisho, na majarida mengi yatakuuliza mapema.

Pili, makumbusho yaliyokubali kupokea sampuli zako. Watafute kabla ya safari. Tatu, mtu aliyewahi kufanya kazi hii. Usijifunze kuua na kuhifadhi mnyama kwa kusoma, hata kwa kusoma hapa.

Vya kubeba ni hivi: tochi ya kichwani na betri za akiba, GPS, mifuko ya kitambaa, kalipa (kipimo chenye taya mbili) inayosoma hadi milimita 0.1, kamera, dawa ya usingizi iliyoruhusiwa kwenye kibali chako, sindano, formalini, ethanoli ya asilimia 96 kwa vinasaba na ya asilimia 70 kwa hifadhi ya kudumu, glavu, uzi wa pamba, karatasi ngumu ya lebo, na penseli. Penseli nairudia hapo chini kwa sababu maalumu.

Hatua ya 1: Mwone akiwa hai, mwandike akiwa hai

Vinyonga hutafutwa usiku. Wakilala hupauka, na mwanga wa tochi ukiwapiga hung'aa kama karatasi kwenye ncha ya tawi. Kabla hujamgusa, andika: saa, urefu kutoka chini hadi alipolala, aina ya mmea, unene wa tawi, mwinuko kutoka usawa wa bahari, na nukta za GPS pamoja na mfumo wa ramani uliotumika (kwa kawaida WGS84). Andika palepale, mvua isiwe kisingizio. Kesho asubuhi utakuwa umekamata wanne na hutakumbuka yupi alikuwa kwenye mgomba-mwitu.

Halafu piga picha nyingi kuliko unavyodhani zinatosha: ubavu wote, mgongo, tumbo, kichwa kwa upande na kwa juu, nyayo, mkia. Rangi itapotea ndani ya kemikali, na zile picha ndizo zitakazobaki.

Hatua ya 2: Chukua sampuli kwa mpangilio usiogeuzwa

Mpangilio ni huu: picha, dawa ya usingizi, nyama ya vinasaba, viungo vya dume kutolewa nje, formalini. Ukigeuza, hakuna kurudi nyuma.

Kipande cha ini au cha msuli wa paja, ukubwa wa punje ya mchele, kinaingia kwenye ethanoli ya asilimia 96 kabla mnyama hajagusa formalini, kwa sababu formalini huharibu DNA. Kama ni dume, viungo vyake vya uzazi (mjusi dume anavyo viwili, vimejificha chini ya shina la mkia) vinatakiwa vitolewe nje kwa kusukumwa na maji ya sindano kabla mwili haujakakamaa. Wanafunzi huona aibu hapa, lakini kwa vinyonga wadogo umbo la viungo hivyo mara nyingi ndilo linalotenganisha spishi mbili ambazo kwa nje ni pacha.

Mlaze mnyama kwenye trei, vidole vimetandazwa, mkia umenyooka au umekunjwa vizuri, kisha formalini ya asilimia 10, yaani sehemu moja ya formalini ya dukani kwa sehemu tisa za maji. Vaa glavu, fanyia kazi penye upepo; ile kemikali ni sumu na inasababisha saratani. Baada ya siku mbili tatu msuuze kwa maji, kisha ahamie kwenye ethanoli ya asilimia 70, na huko ndiko makao yake.

Lebo ifungwe kwa uzi juu ya goti la mguu wa nyuma, siyo kubandikwa nje ya chupa. Na iandikwe kwa penseli. Safari yangu ya kwanza niliandika lebo kumi na moja kwa biro ya bluu, maandishi mazuri kabisa, nikajisifu. Wiki tatu baadaye nikafungua ndoo: pombe imekuwa ya samawati na karatasi ni nyeupe pe. Mijusi kumi na mmoja, hakuna hata mmoja ninayejua katoka bonde lipi. Mjusi asiye na mahali ni nyama ya kopo.

Usikamate kupita kiasi. Sampuli chache zenye dume, jike na mtoto zina thamani kuliko madume ishirini.

Hatua ya 3: Pima, hesabu, kisha hesabu tena

Kipimo mama ni urefu kutoka ncha ya pua hadi tundu la haja. Mkia unapimwa peke yake, kwa sababu mijusi wengi huukata wanaposhikwa na unaoota upya huwa mfupi na wa magamba tofauti. (Kinyonga haukati. Ukikuta kinyonga mwenye mkia mfupi, kapata ajali.) Kisha urefu na upana wa kichwa, upenyo wa jicho, umbali kati ya jicho na pua, urefu wa mguu.

Halafu magamba, chini ya hadubini: ya mdomo wa juu, ya mdomo wa chini, mistari ya magamba katikati ya mwili, vikunjo vilivyo chini ya kidole cha nne cha mguu, vitundu vilivyo mbele ya tundu la haja kwa mjusi kafiri dume. Chagua upande mmoja, wa kulia kwa mfano, ubaki huohuo kwa sampuli zote.

Hesabu mara tatu, siku tofauti. Siku ya kwanza nilipata magamba 11 kwenye mdomo wa mjusi kafiri mmoja, ya pili 12, ya tatu 11. Tatizo halikuwa mjusi. Sikuwa nimeamua kama lile gamba dogo la mwisho, linalojikunja kwenye kona ya mdomo, linahesabiwa au la. Amua kanuni yako, iandike kwenye sehemu ya mbinu, na usiibadilishe hata ukipata matokeo usiyoyapenda.

Hatua ya 4: Mlinganishe na wote waliomtangulia

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo wengi wanapokimbilia mbele.

Tengeneza orodha ya spishi zote za jenasi hiyo zinazoishi karibu, pamoja na majina ya zamani yaliyozikwa. Kanzidata ya Reptile Database itakupa majina na waandishi wake. Kisha tafuta maelezo ya asili ya kila moja. Mengi ni ya enzi ya Mjerumani na yameandikwa Kijerumani, kurasa mbili tu, bila picha. Sampuli zenyewe nyingi ziko Berlin, London, na Harvard kule Marekani, ambako mtaalamu wa reptilia Arthur Loveridge alipeleka mijusi wake wa Tanganyika. Hali hiyo inaudhi: kumlinganisha mjusi wa Usambara unaandikia barua ng'ambo. Lakini andika. Watunzaji wengi wana adabu, na ukiomba picha ya gamba fulani la sampuli yenye nambari fulani utajibiwa. Ukiomba "taarifa zote mlizonazo kuhusu vinyonga", utasubiri sana.

Kosa la kawaida ni kumlinganisha mjusi wako na picha za mtandaoni zilizowekewa majina na watalii. Kosa la pili ni kumlinganisha na jirani mmoja anayefanana naye na kuwasahau wengine.

Mpaka hapo, mwite kwa jina la muda: Kinyongia sp. A, au Lygodactylus aff. (yaani "anayekaribiana na") kisha jina la ndugu yake wa karibu. Jina la muda libaki hata kwenye tasnifu yako.

Hatua ya 5: Vinasaba

Kwa vinyonga na mijusi kafiri, jeni za 16S na ND2 ndizo zinazotumiwa na wengi, hivyo utapata za kulinganisha kwenye GenBank, kanzidata ya wazi ya vinasaba. Ukiweza, ongeza jeni ya kiini cha seli. Zako pia utaziweka GenBank, zikiwa na nambari ya sampuli.

Tofauti ya asilimia fulani siyo hukumu. Vikundi viwili vilivyotenganishwa na bonde kavu vinaweza kutofautiana kivinasaba na bado ni spishi moja. Unataka ushahidi wa aina mbili au tatu unaoelekea upande mmoja: vinasaba, magamba, na mahali wanapoishi.

Hatua ya 6: Chagua holotaipu

Holotaipu ni mnyama mmoja tu atakayebeba jina milele. Wenzake wanaitwa parataipu. Chagua aliyekomaa, asiye na jeraha, mwenye picha akiwa hai na mwenye DNA. Mara nyingi huwa dume, ingawa sheria hailazimishi.

Sheria ninayoisema ni Kanuni za Kimataifa za Majina ya Wanyama, toleo la nne, linalotumika tangu mwaka 2000. Zinadai utaje holotaipu waziwazi na useme itahifadhiwa kwenye makumbusho gani. Pata nambari ya makumbusho kabla ya kuandika. "Iko kwenye friji ya maabara yetu" haitoshi, na ningekuwa mhakiki wako ningekurudishia siku hiyohiyo.

Hatua ya 7: Tunga jina

Haya, tumefika kwenye swali lililokuleta. Jina la jenasi linakuwepo tayari, wewe unatunga la pili. Liandikwe kwa herufi za Kilatini, liwe halijatumika ndani ya jenasi hiyo, na lisiwe na alama yoyote juu au katikati. Hapa Waswahili tujihadhari na ng': mjusi wa Mang'ula ataitwa mangulaensis, ile alama inabaki nyumbani.

Jina la mahali lina njia kadhaa. Unaweza kuongeza -ensis, kama Hemidactylus mrimaensis wa mlima Mrima, Kwale. Unaweza kulifanya la umiliki wa Kilatini, kama Kinyongia magomberae wa msitu wa Magombera, yule aliyejulikana baada ya mtafiti kumkurupusha nyoka aliyekuwa akimla na nyoka akamwacha na kukimbia. Au unaliacha lilivyo, kama Rhampholeon rubeho. Mimi napenda hili la mwisho. Linasomeka, na bibi wa Rubeho akilisikia anajua limetoka kwao.

Jina la sifa lazima lifuate jinsia ya jenasi. Kinyonga wa Taveta alipokuwa kwenye jenasi ya Bradypodion aliandikwa tavetanum. Jenasi ya Kinyongia ilipoundwa mwaka 2006, kutokana na neno letu kinyonga, akawa tavetana kwa kuwa jenasi hiyo ni ya kike. Kama Kilatini kinakutisha, muulize padri. Sifanyi mzaha, nilishasaidiwa hivyo.

Jina la mtu: mwanamume huongezewa -i, mwanamke -ae, wengi au mchanganyiko -orum, wanawake watupu -arum. Kinyongia asheorum ni ya James na Sanda Ashe, mke na mume. Sasa utauliza: mbona Kinyongia msuyae ya mwaka 2015 ni ya Charles Msuya, na yeye ni mwanamume? Kwa sababu jina linaloishia na -a linaweza kuchukuliwa kama nomino ya Kilatini ya kundi lile linalopata -ae. Msuyai nayo ingekubalika. Majina yetu mengi huishia na -a, kwa hiyo amua mapema. Ukishachapisha, tahajia ya kwanza ndiyo inayobaki.

Usijipe jina lako mwenyewe. Sheria haikukatazi, watu watakucheka tu. Na kabla ya kumpa mfadhili au mheshimiwa, mkumbuke yule kijana wa kijijini aliyekuonyesha tawi.

Hatua ya 8: Andika

Mpangilio wa makala umezoeleka: utangulizi mfupi, mbinu, matokeo, halafu sehemu yenyewe ya spishi. Hiyo inaanza na jina likifuatwa na sp. nov. (yaani spishi mpya), holotaipu, parataipu, utambuzi, maelezo ya holotaipu, tofauti kati ya sampuli, rangi akiwa hai, asili ya jina, makazi, na hali ya uhifadhi.

Aya ya utambuzi ndiyo roho. Iseme anatofautianaje na kila ndugu yake, kwa jina: "Anatofautiana na fulani kwa kuwa na mistari 20 ya vikunjo badala ya 14." Usiandike "ana rangi ya kupendeza na mwili mwembamba". Bila aya inayotenganisha, jina halihesabiki kuwa limetolewa.

Kuhusu mahali, fikiria mara mbili kabla ya kuchapisha nukta kamili za GPS. Mjusi wa bluu wa Kimboza, Morogoro, Lygodactylus williamsi, alivunwa kwa ajili ya wafugaji wa ng'ambo hadi mikadi anayoishi ikakatwa ili wamfikie. Tangu 2017 yumo kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES. Nyoka Atheris matildae alipoelezwa mwaka 2011, waandishi walificha kabisa msitu alikotoka. Nukta zako ziwape makumbusho na mamlaka husika. Kwenye makala, jina la safu ya milima linatosha.

Hatua ya 9: Chapisha na sajili

Peleka kwenye jarida lenye wahakiki wanaojua reptilia. Kuna watu wanaojichapishia majina kwenye majarida yao wenyewe bila kuhakikiwa, na wataalamu wengi wamegoma kuyatumia. Usijiunge nao kwa haraka ya kuwa wa kwanza.

Kama jarida ni la mtandaoni tu, makala lazima isajiliwe ZooBank, daftari rasmi la mtandaoni la majina ya wanyama, kabla ya kutoka na ushahidi wa usajili uonekane ndani ya makala yenyewe, pamoja na tarehe ya kuchapishwa. Wanafunzi huacha jambo hili wakidhani jarida litafanya. Mengine hufanya, mengine hayafanyi. Uliza.

Na mpaka siku hiyo, jina lisionekane popote: siyo kwenye bango la mkutano, siyo kwenye tasnifu, siyo kwenye status ya WhatsApp.

Ukikwama

Nina picha tu, mnyama alikimbia. Rudi umtafute. Kanuni hazifungi mlango kabisa kwa jina lisilo na sampuli iliyohifadhiwa, ila linataka sababu nzito na linazua ugomvi. "Nilikuwa naogopa kumshika" si sababu nzito.

Vinasaba ni tofauti, sura ni ileile. Kagua viungo vya uzazi vya madume, kisha rangi za picha za hai. Kama bado hakuna kitu, ongeza sampuli kutoka kati ya maeneo mawili. Huenda wanaungana katikati.

Sura ni tofauti, vinasaba ni vilevile. Angalia umri na jinsia kwanza. Halafu angalia kama hukubadilisha vichupa; hutokea zaidi ya watu wanavyokiri.

Kibali kiliisha wakati niko porini. Toa taarifa kwa mamlaka na uache kukamata. Usiandike tarehe ya nyuma kwenye lebo.

Mwingine amechapisha kabla yangu. Jina lake lina haki, lako linakufa kabla ya kuzaliwa. Data zako hazijapotea: andika makala ya kuongeza maeneo, vipimo na tabia za spishi hiyo. Safari ijayo, waandikie mapema wanaofanya kazi kwenye jenasi hiyo. Mara nyingi watakuingiza kwenye timu.

Wahakiki wanasema sampuli ni chache. Wana haki kukuomba zaidi, lakini kama msitu ni mdogo na mnyama ni adimu, eleza ulitafuta kwa usiku ngapi, watu wangapi, na mlipata wangapi. Daftari lako la porini lenye matope ndilo litakalokujibia. Kama hukuandika usiku ambao hamkupata kitu, anza kuandika leo.